Vidonge Vyeupe na Uchovu wa Toakase

Toakase alianza kupiga magome ya miti ili yawe nguo akiwa na miaka kumi na minne, na kufikia hamsini na mitatu hapakuwa na mwanamke katika kijiji cha Kolovai aliyemshinda mkono. Akiketi mbele ya gogo na nyundo yake ya mbao, gome la mti wa hiapo lililainika na kutanuka kabla wenzake hawajavunja nyuzi za kwanza. Alikuwa mnene wa kifua na mabega, mpole wa maneno, mtu wa kujibu "sijambo" hata akiwa na homa. Mumewe Feleti, mkulima wa viazi vikuu, alipenda kuwaambia watu kwamba ameishi naye miaka thelathini na hajawahi kumsikia akilalamika. Aliyasema hayo kwa fahari, kama mtu anayesifu farasi wake.

Kwa hiyo siku alipoweka nyundo chini kabla hata saa nne asubuhi haijafika, wanawake wote kwenye kibanda cha kazi waliacha kupiga wakamtazama.

"Vipi, shoga?" aliuliza Pisila, rafiki yake aliyeketi naye gogo moja tangu wakiwa wasichana. "Mkono umekwenda likizo?"

"Napumzika kidogo."

"Wewe? Basi dunia imefika mwisho. Acheni kazi, tukasali."

Walicheka, na Toakase akacheka nao. Hakuwaambia kwamba moyo ulikuwa ukimwenda mbio kama aliyepanda mlima na mzigo kichwani, wala kwamba miguu yake, aliyokuwa ameikalia tu, ilikuwa mizito kama imejazwa mchanga.

Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amepimwa kwenye zahanati akaambiwa ana kisukari. Hakushtuka sana. Mama yake alikuwa nacho, wajomba zake walikuwa nacho, na Vika, dada yake mkubwa aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa amekatwa mguu chini ya goti kwa sababu yake miaka minne nyuma. Toakase alipewa vidonge vyeupe vya kumeza asubuhi na jioni, akaambiwa apunguze mbavu za kondoo na nyama ya kopo, na ajiunge na wanawake wa kanisa waliotembea kila alfajiri kutoka ukumbini hadi njia panda ya ufukweni na kurudi.

Wiki za kwanza tumbo lilimsumbua, kisha likatulia. Uchovu ndio haukutulia. Akiwa jikoni au kanisani hakuuhisi. Ulikuja pale mwili ulipotakiwa kufanya kazi. Akianza kutembea, hatua mia za kwanza zilikuwa nzuri, halafu kitu fulani ndani kilikuwa kama kinamshika kiuno na kumvuta nyuma. Wenzake waliomzidi umri walimpita. Mwanamke mmoja wa miaka sabini alimpita huku akisimulia habari za harusi.

Aliyeongoza matembezi hayo alikuwa nesi wa zahanati, Lesieli, mwanamke mwembamba, mchapakazi, mwenye filimbi shingoni. Lesieli alikuwa amezika watu wengi waliokufa kwa kisukari, na hofu ya kuzika wengine ilikuwa imemfanya mkali.

"Mama Toakase, mguu mbele," alikuwa akiita. "Unatembea kama unafuata jeneza."

"Nakuja, nesi. Nadhani ni zile dawa, zinanichosha."

"Dawa haimchoshi mtu. Ningekuwa napewa kitumbua kila ninapoambiwa dawa inachosha, ningekuwa mnene kuliko wewe. Kinachomchosha mtu ni kukaa. Uvivu ukishazoea mwili, hautaki kuhama."

Alilisema hilo neno mbele ya wanawake kumi na tisa. Toakase alitabasamu, akaendelea kuburuta miguu. Neno hilo hakuna aliyewahi kumtupia, si mama yake wala mama mkwe. Alifika nyumbani akaketi kwenye ngazi ya nyuma, akaitazama mikono yake kwa muda mrefu, ile mikono iliyotengeneza mikeka na nguo za magome zilizotandazwa kwenye mazishi na arusi za nusu ya kisiwa.

Miezi miwili baadaye walikwenda visiwa vya Haʻapai kwenye msiba wa upande wa Feleti, na katika harakati za kufunga mizigo alisahau vidonge. Wakakaa siku tano. Aliporudi na kutoka kwenda kutembea, alishangaa: miguu ilikuwa yake tena. Alifika njia panda bila kusimama. Lesieli akapuliza filimbi kumpongeza.

"Mnaona sasa? Ni kutaka tu."

Kuanzia hapo Toakase akaanza kuacha kidonge cha asubuhi. Alijiambia ni siku za kutembea tu. Kisha zikawa pia siku za kupiga magome, na kwa kuwa kazi ya magome ilikuwa karibu kila siku, kidonge cha asubuhi kikawa hakimezwi kabisa. Cha jioni alimeza akikumbuka. Hakutupa hata kimoja, maana kutupa dawa aliona ni dhambi. Aliviweka kwenye kopo la biskuti, nyuma ya sufuria kubwa.

Sukari ikapanda. Lesieli alitoboa kidole chake, akasoma namba, akaguna.

"Kumi na nne. Karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Unakula nini kwa siri, mama?"

Toakase alifuta tone la damu kidoleni.

"Mbavu za kondoo?"

"Kidogo," alijibu. Hakuwa amezionja tangu mwaka mpya. Lakini ilikuwa rahisi kuitwa mlafi kuliko kueleza tena habari ya uchovu na kusikia tena lile neno.

Halafu akajikata kidole cha mguu kwa ganda la chaza akiokota kitoweo maji yalipokupwa. Jeraha dogo, la kufungwa kwa kitambaa na kusahauliwa. Wiki tatu zikapita halijafunga. Vika, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu barazani, alikiangalia kile kidole. Baadaye akauliza, "Dawa unameza?"

"Nameza."

Vika akageuza uso, akatazama nguo zilizoanikwa.

Mwezi ule ndipo alipokuja Ilaisaane. Alikuwa binti wa watu wa Kolovai aliyekulia ng'ambo, Auckland, na kusomea huko mambo ya mwili na mazoezi. Alikuja na baiskeli isiyokwenda popote, mashine yenye bomba na barakoa, na sanduku la vichupa, akavipanga kwenye ukumbi wa kanisa. Jumapili baada ya ibada alisimama, mkeka wa heshima umefungwa vizuri kiunoni juu ya nguo, akaeleza kwamba anatafuta watu wanaotumia vile vidonge vyeupe. Alitaka kujua dawa hiyo inafanya nini na mafuta ya mwilini mtu anapofanya mazoezi: inasaidia yachomeke au inayazuia.

"Mafuta ya kuchomwa tunayo," Pisila alimnong'oneza Toakase. "Jiandikishe. Wewe na mimi tutawasha taa za mji mzima."

Pisila hakuwa na kisukari, kwa hiyo alikuwa akitania tu, lakini ndiye aliyemshika mkono hadi mezani. Ilaisaane aliuliza maswali, akaandika. Alipofika kwenye swali la dawa, Toakase alifungua mdomo kusema anameza mara mbili kwa siku, kama alivyokuwa akimwambia kila mtu. Hakuweza. Labda ni kwa sababu msichana yule hakuwa na filimbi, au kwa sababu alikuwa ameweka kalamu chini na kumtazama.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi siyo mtu unayemtafuta. Vidonge vyangu viko kwenye kopo."

Alitarajia kugombezwa. Ilaisaane aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Vinanichosha nikifanya kazi. Nimeambiwa si kweli."

"Nani kakuambia si kweli?"

Toakase hakumtaja. Ilaisaane akachukua kalamu, akaandika kwa muda, kisha akasema kwamba Toakase ndiye hasa mtu anayemtafuta, ila kwanza kidole kipone na daktari akubali. Daktari wa mji mkuu, Nukuʻalofa, alimpa dawa ya jeraha na onyo refu. Toakase akarudia vidonge vyake vyote, asubuhi na jioni, na uchovu ukarudi kama mgeni anayejua chumba chake. Kidole kikafunga.

Utafiti wenyewe ulikwenda hivi. Kwa wiki nne angemeza vidonge kutoka chupa ya kwanza, na kwa wiki nne nyingine kutoka chupa ya pili. Moja ilikuwa na dawa, nyingine ilikuwa na unga mtupu uliofinyangwa ukafanana na dawa. Ipi ni ipi, hakujua yeye wala Ilaisaane. Daktari peke yake ndiye aliyekuwa na orodha. Kila wiki alipimwa sukari, ili ikipanda mno waache. Mwisho wa kila chupa angepanda baiskeli.

Siku ya kwanza ya baiskeli alifika ukumbini hajala, kama alivyoagizwa. Alifungwa mkanda kifuani wa kusikiliza moyo, akavishwa barakoa, akaambiwa akanyage kwa dakika arobaini kwa mwendo uleule. Pumzi yake ilipita kwenye bomba kwenda kwenye mashine. Kila dakika kumi Ilaisaane alimtoboa kidole, halafu akamwinulia ubao wenye namba kuanzia sita hadi ishirini. Sita maana yake hakuna uchovu wowote, ishirini maana yake mtu hawezi tena. Kwa kuwa hangeweza kusema na barakoa usoni, alitakiwa kuonyesha kwa kidole.

Dakika ya kumi alionyesha tisa. Dakika ya ishirini alionyesha kumi na moja. Jasho lilimtiririka hadi viwikoni, na mapaja yalikuwa yakitetemeka. Dakika ya thelathini akaonyesha tena kumi na moja.

Ilaisaane alitazama kioo cha mashine, akamtazama yeye, akachuchumaa mbele ya baiskeli.

"Mama, moyo wako unapiga mara mia na arobaini na mbili kwa dakika. Moyo wa mtu wa kumi na moja haupigi hivyo."

Toakase aliinua kidole gumba kuonyesha yuko salama.

"Najua. Mimi ni mgeni, umekuja kunisaidia, hutaki nione unateseka. Hata bibi yangu angefanya hivyo. Lakini sikuja kupima adabu yako. Ukinionyesha namba ya adabu, nitaandika namba ya adabu, na kesho mwanamke mwingine ataambiwa anajisingizia." Akauinua ubao tena. "Ya kweli, mama."

Miguu iliendelea kuzunguka. Toakase aliutazama ule ubao. Kisha akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kumi na saba, akakiacha hapo. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye ukingo wa barakoa. Ilaisaane akampangusa kwa taulo, akasema joto la ukumbi huu ni baya, akaenda kufungua dirisha.

Baada ya chupa ya pili alipanda baiskeli ileile kwa mwendo uleule. Safari hii alionyesha kweli tangu mwanzo: kumi, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Aliposhuka hakuhitaji kushikwa. Hakuuliza kitu, lakini njiani kurudi nyumbani alijua chupa ipi ilikuwa ipi, na kujua huko hakukumfurahisha. Sukari yake wiki zile ilikuwa imepanda hadi kumi na mbili.

Miezi minne ikapita kabla Ilaisaane hajarudi na majibu. Wanawake kumi na wanne waliopanda baiskeli waliketi kwenye mikeka ukumbini. Lesieli alisimama karibu na mlango, na Pisila alikuja pia kwa kuwa hakuna kikao Kolovai ambacho Pisila hakuhudhuria. Ilaisaane hakuleta karatasi. Alizungumza kama watu wanavyozungumza.

Alisema mwili una kuni za aina mbili, sukari na mafuta. Sukari ni kama makumbi makavu ya nazi: inashika haraka, inawaka kwa urahisi. Mafuta ni kama gogo gumu la kuweka kwenye shimo la kupikia: linakaa muda mrefu, lakini linataka hewa nyingi zaidi kuwaka. Ile dawa inalizuia ini lisimwage sukari hovyo kwenye damu, na hiyo ndiyo kazi yake nzuri. Lakini pumzi za wanawake wa Kolovai zilionyesha kwamba wakiwa kwenye dawa na wakifanya mazoezi, mwili ulitumia mafuta zaidi kidogo na sukari pungufu kidogo. Moyo nao ulipiga mara sita au saba zaidi kwa kila dakika. Ile asidi inayotoka kwenye misuli ikifanya kazi ngumu ilikuwa juu zaidi kwenye damu. Na walipoulizwa, karibu wote walionyesha namba kubwa zaidi kwenye ubao.

"Watu kumi na wanne ni wachache," alisema. "Wengine wamepima kwingine wakaona tofauti, kwa hiyo sitawaapia. Lakini hapa, kwenu, kazi ileile ilikuwa nzito zaidi mkiwa na dawa. Mliosema mmechoka mlikuwa mmechoka."

Pisila aliinua mkono. "Samahani, mwanangu. Kama mafuta yanachomeka zaidi, mbona shoga yangu bado anajaza mlango?"

Ukumbi ukacheka, na Toakase akacheka hadi akakohoa.

"Zaidi kidogo, nimesema," Ilaisaane alijibu, naye akicheka. "Ni kijiko, siyo ndoo. Na njaa ikija baadaye, kijiko hicho kinarudishwa mezani. Dawa hii si ya kupunguza unene. Ni ya kulinda macho, figo na miguu. Msiiache. Badilisheni mazoezi: nendeni taratibu, mkiwa mmekula, na msishindane na asiyemeza."

Kikao kilipoisha Lesieli alitoka wa kwanza. Lakini siku ya pili mchana alikuja kibandani kwenye magome, akaketi chini karibu na gogo la Toakase, filimbi imefichwa ndani ya nguo.

"Nilikuita mvivu mbele ya watu," alisema.

"Ni siku nyingi, nesi."

"Si nyingi. Niliogopa utakuwa kama dada yako, nikakusukuma hukohuko." Akachukua kipande cha uzi wa gome, akakizungusha vidoleni. "Kwa kuwa nilisema mbele ya watu, nitasema tena mbele ya watu."

Na alisema, asubuhi iliyofuata, kabla ya kuanza kutembea. Wanawake walitazama chini kwa heshima. Toakase alikuwa ameingoja saa ile zaidi ya mwaka mzima, na ilipofika hakuona ushindi wowote. Alitamani tu pangekuwa na mahali pa kuketi.

Jumamosi hiyo alilitoa kopo la biskuti nyuma ya sufuria, akalipeleka kwa Vika, akalifungua mbele yake. Vidonge vilikuwa vimejaa hadi nusu, vingine vimeanza kugeuka manjano.

"Nilikudanganya," alisema. "Ulipouliza kama nameza."

Vika aliingiza mkono, akavichota, akaviacha vianguke kimoja kimoja.

"Nilijua," alisema. "Mimi vyangu nilikuwa naviweka kwenye mto. Nilishona mfuko."

Toakase akamtazama.

"Nilikuwa nafua nguo za hoteli wakati ule, unakumbuka? Nikimeza, nilikuwa siwezi kumaliza beseni moja. Nikamwambia mume wangu, akasema wanawake wa ukoo wetu ni wazembe. Basi nikanyamaza, nikafua." Vika alifunika kopo. "Hakuna aliyenipandisha kwenye baiskeli, Toakase."

Hawakulia. Waliketi barazani hadi Feleti alipokuja kuuliza kama kuna chakula. Toakase akainuka kwenda kuchemsha magimbi, na Vika akasogeza kiti chake hadi jikoni akamenye pamoja naye.

Sasa ni mwaka wa tatu. Toakase anameza vidonge vyake vyote. Sukari yake hukaa saba au nane, na vidole vyake vya miguu ni kumi. Unene wake haujabadilika sana. Hutembea jioni baada ya kula, mwendo wa pole, na wanawake sita wengine waliojiondoa kwenye kundi la alfajiri, na Lesieli huja mara moja moja bila filimbi. Kwenye magome anafanya nusu ya siku. Mikono bado ina ujuzi wake, ila pumzi huisha mapema, na akichoka husema "nimechoka" kwa sauti ya kawaida, kisha hujilaza kwenye mkeka wakati wenzake wanaendelea kupiga.

Mwanzoni Feleti alipomsikia akisema hivyo alishtuka, akataka kumwita nesi.

"Hapana, baba," alimwambia. "Siumwi. Nimechoka tu. Niletee maji."

Feleti akaenda akaleta maji.